Kaunti za vijijini Marekani: wanagundulika na saratani wachache kuliko mjini, lakini wanakufa wengi zaidi. Tuchambue namba

#1 Mkokotoo (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Nafungua uzi huu kwa sababu kila saratani ikitajwa jukwaani mjadala unaishia kwenye "kijijini hewa safi, mjini kemikali". Namba za Marekani, ambako kila kaunti ina takwimu za vifo za miongo mingi, hazisemi hivyo.

Ripoti ya Julai 2017 ya CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iligawa kaunti katika makundi manne, kuanzia za kijijini kabisa hadi zilizo kwenye miji ya watu milioni 1 na kuendelea. Wagonjwa wapya kijijini kabisa walikuwa 442 kwa kila watu 100,000, kwenye miji mikubwa 457. Njoo kwenye vifo: kijijini 180, miji mikubwa 158. Kati ya 2006 na 2015 vifo vilipungua kote, ila kijijini vilishuka kwa asilimia 1.0 kwa mwaka na mjini kwa 1.6. Maana yake pengo lilipanuka huku pande zote mbili zikipata nafuu. Wengi hujikwaa hapo. Wanasikia "pengo limeongezeka" wanadhani kijijini hali imeharibika.

Ukigawa vifo kwa wagonjwa wapya unapata 0.41 kijijini na 0.35 mjini. Msiichukue kama nafasi ya mgonjwa mmoja kupona. Waliokufa mwaka huu si wale waliogunduliwa mwaka huu, na aina za saratani hazifanani pande mbili. Mjini wanagundua zaidi saratani za matiti na tezi dume, ambazo wengi huishi nazo miaka mingi. Kijijini zinazozidi ni mapafu, utumbo mpana na shingo ya kizazi. Sasa zitazameni hizo tatu: ya kwanza inabebwa zaidi na sigara, ya pili inazuilika kwa kutoa vinyama kwenye utumbo kabla havijageuka, ya tatu ina chanjo na kipimo. Yaani kijijini wamezidiwa palepale ambapo kinga ipo.

Na haikuwa hivi siku zote. Katikati ya karne iliyopita mjini ndiko walikokufa zaidi. Sigara ilianzia mjini, na kuiacha kukaanzia hukohuko. Kwa nchi nzima vifo vilifika kilele mwaka 1991, kama 215 kwa kila watu 100,000, vikaanza kushuka. Kijijini walichelewa kupanda ngazi, na sasa wanachelewa kushuka.

Karibuni. Mwenye namba alete namba.

#2 Mlalahoi_Msomi

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, swali la darasa la saba: vijana wote si wamekimbilia mjini? Kijijini wamebaki wazee, na saratani ni ugonjwa wa uzee. Unashangaa nini?

#3 Mkokotoo

Swali lako ndilo la kwanza kuulizwa, na jibu lake ni kusawazisha umri. Nakuwekea mfano wa kubuni, utaona kwa macho.

Chukua mji wenye watu 100,000: walio chini ya miaka 45 ni 60,000, wa 45 hadi 64 ni 25,000, wa 65 na zaidi ni 15,000. Kijiji kina watu 10,000: 5,000, 2,800 na 2,200. Tuseme hatari ni ileile kote: kwa kila watu 100,000, vijana wanakufa 10, watu wa makamo 200, wazee 900.

Mjini: 6 + 50 + 135 = vifo 191, ambavyo ndiyo 191 kwa kila 100,000.
Kijijini: 0.5 + 5.6 + 19.8 = vifo 25.9, yaani 259 kwa kila 100,000.

Hatari ni moja lakini kijiji kinaonekana kibaya kwa theluthi nzima. Huo ndio mtego unaousema.

Dawa yake: unachukua kiwango cha kila rika, unakizidisha kwa uzito wa idadi ya watu ya kielelezo, ileile kwa wote. Marekani hutumia idadi ya watu ya mwaka 2000. Kwa marika haya matatu uzito wake ni kama 65, 22 na 13 kwa mia. Basi 6.5 + 44 + 117 = 167.5, kwa mji na kwa kijiji. Tofauti imeyeyuka.

Zile 180 na 158 zimeshapita kwenye chujio hilo. Tofauti ya umri imeshaondolewa hesabuni na bado vifo 22 kwa kila 100,000 vimebaki. Ukiona mtu analinganisha kaunti kwa namba ghafi, usipoteze muda naye.

#4 Karani_wa_Rejista

Niongeze upande wa data, maana hapa ndipo watu wazima huaibika.

Kwanza, kijijini ni wapi? Wizara ya Kilimo ya Marekani ina misimbo 1 hadi 9. 1 hadi 3 ni kaunti za miji kwa ukubwa wake, 4 hadi 9 ni nje ya miji, zimepangwa kwa idadi ya wakazi wa sehemu za mjini na kama kaunti inapakana na mji au la. Kitengo cha takwimu za afya nacho kina mpango wake wa makundi 6. Ripoti mbili zinaweza kutumia neno "kijijini" kwa kaunti zisizofanana kabisa. Soma ukurasa wa mbinu kabla hujalinganisha.

Pili, mipaka ya miji inapangwa upya takriban kila miaka kumi baada ya sensa. Kaunti ya kijijini inayostawi, inayopata ajira na wakazi, inahamishiwa kundi la mjini. Kijijini wanabaki waliodumaa. Ukitumia mpangilio mpya kila mwaka utaona kijijini "kunazidi kuoza", kumbe walio wazima wamehamishwa daftari. Kwa mwenendo wa miaka mingi, shikilia mpangilio mmoja mwanzo hadi mwisho.

Tatu, kifo huandikwa kwenye kaunti ya makazi, si kaunti ya hospitali. Mkulima akifia hospitali kubwa ya mjini, kifo kinarudi kwao. Anayevujisha hesabu ni yule aliyehamia kwa mwanawe mjini miezi kadhaa kabla na akaandikwa mkazi wa huko. Huyo anapunguza vifo vya kijijini, kwa hiyo kama kuna kosa, linaficha pengo badala ya kulikuza.

Nne, cheti cha kifo. Kinachohesabiwa ni sababu ya msingi, yaani misimbo C00 hadi C97, ambayo ndiyo ya saratani kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa. Daktari akiandika "saratani ya ini" kwa mtu ambaye saratani ya utumbo ilisambaa hadi ini, kifo kinaingia C22 badala ya C18. Kwa jumla ya saratani zote kosa hilo halibadilishi kitu. Kwa kiungo kimojakimoja linabadilisha, hasa ini, mifupa na ubongo, ambako saratani za kwingine hupenda kuhamia.

Tano, na hili ndilo kubwa: udogo wa namba. Kaunti ya watu 6,000 yenye kiwango cha 180 inategemea vifo kama 11 kwa mwaka. Kwa bahati nasibu tu, vifo 11 vinaendana na chochote kati ya 5.5 na 19.7, yaani kiwango cha 92 hadi 328! Ndiyo maana kwenye ramani ya saratani ya figo, kaunti zenye vifo vingi kupita zote na zenye vichache kupita zote ni zilezile ndogo za mashambani. Mwandishi wa habari akikutana na zile za juu anatafuta kiwanda cha kulaumu. Akikutana na za chini anasifia mboga.

Kusanya miaka mitano: vifo 54, uwezekano unabana kuwa 135 hadi 235. Bado mpana, ila sasa unaweza kuongea kitu. Au unganisha kaunti jirani zenye msimbo mmoja.

#5 Hewa_Safi

Kwa hiyo mnataka kusema dawa za kupulizia mashamba hazina lolote? Marekani wanamwaga sumu kwa ndege.

#6 Mkokotoo

Hakuna aliyesema hazina lolote. Kuna utafiti mkubwa wa wakulima wa Iowa na North Carolina ulioanza 1993, wapuliziaji na wenzi wao wapatao 89,000. Kwa jumla wakulima wale walikufa kwa saratani *chini* ya watu wa kawaida wa majimbo yao, sababu kubwa ikiwa hawavuti sana sigara. Humohumo ndani, tezi dume ilizidi, na baadhi ya viuatilifu vimehusishwa na baadhi ya saratani. Hiyo ni hatari ya kweli kwa anayeshika dawa. Lakini haitoshi kueleza pengo la nchi nzima, kwa sababu wakazi wengi wa kaunti za vijijini Marekani si wakulima. Ni madereva, wauza duka, walimu, wachimba makaa wastaafu.

Kama unatafuta kitu cha mazingira kijijini, tazama viwili visivyo na kelele.

Radoni: gesi ya ardhini isiyo na harufu, inayojikusanya vyumba vya chini. Kaunti zote 99 za Iowa zimo kwenye kundi la hatari ya juu. Kikomo cha kuchukua hatua ni pikokyuri 4 kwa lita. Kipimo cha mkaa kinakaa siku 2 hadi 7 kwenye sakafu ya chini kabisa inayokaliwa, juu ya ardhi angalau sentimita 50, mbali na jiko na bafu, madirisha yakiwa yamefungwa saa 12 kabla na muda wote wa kupima. Wanaoharibu ni wale wanaokisahau mezani wiki tatu ndipo wakitume: gesi iliyonaswa imeshachuja na majibu yanatoka ya chini. Kwa mvutaji sigara, radoni na moshi huzidishana nguvu.

Visima binafsi: sheria ya shirikisho ya maji ya kunywa haivigusi. Kikomo cha arseniki cha mikrogramu 10 kwa lita ni cha maji ya umma. Mwenye kisima anajipimia mwenyewe au hapimi. Kule Maine, New Hampshire na Vermont arseniki ya visima imehusishwa na saratani ya kibofu.

Baada ya hayo yote, sigara bado ndiyo mwenye nyumba.

#7 Muuguzi_Zamu

Wacha nishuke kwenye uchunguzi wa mapema. Mnaongea kana kwamba kukosa kipimo ni jambo moja. Mnyororo una pingu nyingi, na kijijini unakatikia mahali tofauti na mjini.

Utumbo mpana. Tangu 2021 mwongozo wa Marekani unaanzia miaka 45. Njia rahisi kwa aliye mbali ni kipimo cha choo cha FIT, kinachotafuta damu isiyoonekana, kila mwaka, kwa posta. Hakihitaji kubadili chakula. Kinachokiharibu:

Mgonjwa anaacha choo kiguse maji ya sinki ya choo. Anachota kipande kizima badala ya kupitisha kijiti juu juu kama maelekezo yanavyosema. Anasahau kuandika tarehe kwenye kichupa, na maabara inakitupa. Hii ndiyo sababu ya kijinga kuliko zote na ni ya kawaida sana. Au anakiacha kwenye sanduku la posta kando ya barabara Ijumaa mchana mwezi wa saba: joto linavunja hemoglobini na kipimo kinasema "hakuna damu" kwa mtu mwenye damu. Tuma Jumatatu au Jumanne, mpe mpokea barua mkononi, na usiagize vifurushi vya kugawa kipindi cha joto kali kama una hiari.

FIT moja inanasa kama saratani 74 kati ya 100. Nguvu yake ni kurudiwa kila mwaka. Mara moja halafu basi, umejidanganya.

Ikitoka na damu, *hairudiwi*. Naona kliniki ndogo zinarudia "tuhakikishe", ya pili ikitoka safi wanamwachia mtu aende. Hilo ni kosa. Baada ya majibu hayo ni kolonoskopia tu (kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana), na kuchelewa kupita miezi 10 kumehusishwa na saratani zaidi zilizofika hatua mbaya. Na hapo ndipo kijijini mnyororo unakatika: FIT imefika kwa stempu, kolonoskopia iko saa mbili kwa gari, na mgonjwa amekunywa dawa ya kusafisha tumbo. Dawa hiyo hunywewa nusu jioni na nusu saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Ukimpa miadi ya saa moja asubuhi umemwambia anywe saa tisa usiku kisha aendeshe njia nzima akitafuta choo. Haji, au anaruka nusu ya pili, na utumbo mchafu unaficha vinyama. Mpe miadi ya saa tano au sita. Halafu lazima awe na mtu wa kumrudisha, kwa sababu ya dawa ya usingizi. Mjane anayeishi peke yake anaanguka hapo.

Pesa: zamani kolonoskopia ya baada ya FIT ilihesabiwa kama matibabu, na mgonjwa alidaiwa. Bima binafsi zimebanwa kuilipa bila makato kuanzia katikati ya 2022, Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) tangu 2023. Wengi bado wanaogopa bili ya zamani. Waambieni.

Mapafu: CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya dozi ndogo kila mwaka, umri 50 hadi 80, historia ya paketi-mwaka 20, na bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15. Paketi-mwaka moja ni pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa mwaka, kwa hiyo nusu pakiti kwa miaka 40 inatosha. Watu hawajihesabu vizuri. Wanasema "mimi navuta kidogo". Jaribio kubwa la Marekani lililotoa majibu 2011 lilionyesha vifo vya saratani ya mapafu kupungua kwa asilimia 20.

Kuna mtego mmoja wa kijijini: bonde la mto Ohio na Mississippi lina kuvu wa udongoni, histoplasma, anayeacha makovu ya duara mapafuni. Kwenye picha yanafanana na vinundu vya saratani. Penye kuvu huyo vinundu vya bure ni vingi, na kila kimoja kinataka mtaalamu wa kuamua: subiri miezi 3, miezi 6, au toboa uchukue nyama? Gari la CT linaweza kufika kijijini. Mtaalamu hafiki.

#8 Fizikia_Mionzi

Nakazia kwa upande wa matibabu kwa hesabu ya barabara.

Mionzi ya matiti ya kizamani ni vipindi 25, siku 5 kwa wiki, wiki 5. Anayeishi maili 90 kutoka kwenye mashine anasafiri maili 180 kila siku, jumla maili 4,500, kwa tiba ambayo yenyewe haimalizi nusu saa. Ndiyo maana wanawake wanaoishi mbali na mashine huchagua zaidi kukatwa titi lote hata pale ambapo kuondoa uvimbe tu kungetosha. Kwenye takwimu inasomeka "uamuzi wa mgonjwa". Ni uamuzi wa barabara.

Dozi ya kila kipindi ikiongezwa ili vipindi vipungue, safari ya vipindi 15 inashuka hadi maili 2,700, na jaribio la Uingereza la 2020 la vipindi 5 katika wiki moja, grei 26 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa jumla, lingemfanya aende maili 900. Tangu 2018 mwongozo wa wataalamu wa mionzi wa Marekani unaupendekeza mpango mfupi kwa mionzi ya titi zima bila kujali umri. Kituo kinachoendelea kumpa mgonjwa wa mbali vipindi 25 bila sababu ya kitabibu kinapaswa kuulizwa, na sababu nyingine ni kwamba malipo yalihesabiwa kwa kipindi.

Ila si kila saratani inakubali kufupishwa. Shingo ya kizazi: matibabu yote, mionzi ya nje pamoja na ya ndani (chanzo cha mionzi kikiwekwa palepale kwenye uvimbe), yamalizike ndani ya siku 56. Kila siku inayozidi inapunguza udhibiti wa uvimbe kwa karibu asilimia 1. Mgonjwa wa kijijini anapoteza siku mbili kwa theluji, moja mashine imeharibika, tatu gari limekufa. Vituo makini hufidia: vipindi viwili siku moja vikiachana saa 6, au Jumamosi. Visivyo makini huongeza siku mwishoni tu.

Na mionzi ya ndani haina mbadala. Kituo kidogo kisicho nayo kikimalizia kwa mionzi ya nje peke yake, maisha ya mgonjwa yanafupika. Mtu apelekwe ilipo hata kama ni mbali, na mpango huo ufanywe siku ya kwanza. Wiki ya tano umeshachelewa.

#9 Mzee_wa_Facts

Mnawatetea sana. Watu wa kijijini hawapendi hospitali, wanavuta, wanakula mafuta. Hata uwape hospitali mlangoni watakufa tu.

#10 Mkokotoo

Mzee, hilo limeshapimwa. Mwaka 2018 walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 36,995 walioingia kwenye majaribio 44 ya tiba ya SWOG, mtandao wa watafiti wa saratani wa Marekani, saratani 17 tofauti. Karibu mmoja kati ya watano alitoka kijijini. Ndani ya majaribio kila mtu anapata itifaki ileile, ufuatiliaji uleule. Matokeo: wa kijijini waliishi sawa na wa mjini, karibu katika saratani zote, iliyoonyesha tofauti ni aina moja ya saratani ya matiti isiyo na vipokezi vya homoni.

Ubishi halali upo: anayefika kwenye jaribio ana nguvu ya kusafiri, na mara nyingi ana bima. Si mwakilishi wa wote. Lakini kama tabia na "kutopenda hospitali" ndivyo vinavyoua hata baada ya kupewa tiba sawa, tungeona mwanya hata hapo. Hatuuoni.

Na kijijini si kimoja. Utah ina kaunti kubwa tupu kabisa na ndilo jimbo lenye vifo vichache zaidi vya saratani, kwa sababu wavutaji ni wachache. Kentucky imekuwa juu kabisa ya orodha, na katika kaunti zake 120, zile 54 za milima ya Appalachia ndizo zinazovuta namba juu. Tazama pia umaskini sugu: kaunti ambazo watu asilimia 20 au zaidi wamekuwa maskini kwa miaka 30 mfululizo. Vifo vya saratani humo vilikuwa juu kwa karibu asilimia 12 kuliko kwingine. Nyingi ni za vijijini: delta ya Mississippi, Appalachia, mpaka wa Texas, ardhi za Wenyeji wa Asili. Umbali peke yake haueleweki bila mfuko.

Kentucky hiyohiyo inakujibu kwa mara ya pili. Mwaka 1999 karibu theluthi moja tu ya watu wa umri husika walikuwa wamechunguzwa utumbo, jimbo likiwa la 49. Hadi 2008 walipita asilimia 60. Walewale, milima ileile.

#11 Kaunti_47

Wakuu, sisi Kenya tuna kaunti 47. Mbona hatuoni jedwali kama hili? Turkana dhidi ya Nairobi ingekuwaje?

#12 Karani_wa_Rejista

Ndugu, jedwali hilo haliwezi kutengenezwa kwa uaminifu sasa hivi. Linahitaji vitu vitatu: vyeti vya vifo vyenye sababu iliyoandikwa na daktari kwa karibu kila kifo, idadi ya watu kwa rika na kaunti, na rejista ya saratani inayofunika kaunti nzima. Cha kati mnacho, sensa ya 2019. Rejista zenye historia ni chache, Nairobi na Eldoret zikiwa zinazojulikana zaidi, na vifo vingi vya nyumbani havina sababu ya kitabibu.

Kwa hiyo ukiona "vifo vya saratani vya Kenya" kwenye chati za kimataifa, hayo ni makadirio yaliyojengwa juu ya rejista chache. Yanafaa kwa nchi. Ukiyagawa kwa kaunti utapata kinyume cha ukweli: Nairobi itaonekana ina saratani nyingi na kaunti za mbali hazina, kwa sababu anayekufa bila kugunduliwa haingii popote. Ni kosa lilelile la "kijijini hewa safi", ila huku halina vyeti vya kulisahihisha.

#13 Dada_Louisville

Kuna Waswahili wengi Kentucky, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, Louisville na Lexington. Wengi wako mjini, lakini wapo wanaofuata kazi za viwanda vya nyama miji midogo. Wakipangiwa kolonoskopia wanapewa karatasi ya Kiingereza. Msaada wao ni upi?

#14 Muuguzi_Zamu

Dada, hospitali yoyote inayopokea pesa za serikali ya shirikisho inawajibika kuleta mkalimani aliyehitimu, bure, hata kwa simu au video. Msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya 2010. Mtoto asitumike kutafsiri. Mwambie aombe siku ya *kupanga* miadi, ataje "Kiswahili cha Kongo" kwa sababu mkalimani wa Mombasa na mama wa Uvira wanaweza kupishana kwenye maneno ya mwilini. Na maelekezo ya dawa ya tumbo yarudiwe kwa mdomo: saa ngapi, kiasi gani, nini asile. Ajihadhari na saa: "saa mbili" ya Kiswahili na saa mbili ya Kiingereza zimeshaharibu matumbo mengi.

Usafiri: mwenye Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) ana haki ya usafiri wa kwenda kutibiwa, lakini huombwa siku kadhaa kabla. Medicare ya kawaida haina. Malazi ya mionzi: nyumba za Hope Lodge za American Cancer Society ni bure kwa anayetoka mbali, ila zina foleni, kwa hiyo ofisi ya mionzi iombe siku ileile ya kupanga matibabu. Na tangu Januari 2024 Medicare inalipa kazi ya msindikiza-mgonjwa, yule anayepiga simu, kufuatilia majibu na kutafuta gari. Kazi hiyo ilianzia Harlem mwaka 1990 kwa Dk. Harold Freeman, katikati kabisa ya mji. Kijijini ndiko inakohitajika zaidi sasa.

#15 Mlalahoi_Msomi

Nataka kujivutia namba mwenyewe. Naanzia wapi?

#16 Karani_wa_Rejista

CDC WONDER, tovuti ya CDC ya takwimu za vifo, bure, hakuna kujisajili. Chagua vifo kwa sababu ya msingi. Kubali masharti. Panga kwa makundi ya mjini na kijijini ya 2013, halafu kwa mwaka. Sababu: weka C00 hadi C97. Weka alama kwenye kiwango kilichosawazishwa kwa umri pamoja na mipaka ya asilimia 95. Tuma.

Makosa matatu ya wanaoanza. Kuunganisha faili la 1999–2020 na la kuanzia 2018 bila kuona miaka mitatu imejirudia. Kuchukua viwango vya miaka mitano na kutafuta wastani wake, badala ya kuuomba mfumo ukuhesabie miaka yote kwa pamoja. Na kusoma mwaka 2020 kana kwamba ni mwaka wa kawaida: korona iliua baadhi ya wagonjwa wa saratani kabla saratani haijawaua, na vipimo vilisimama miezi kadhaa.

#17 Mlalahoi_Msomi

Nimeweka kaunti moja moja ya Kentucky, mwaka mmoja, mapafu tu. Nusu ya jedwali limefichwa, na zilizobaki nyingi zinaandika kiwango hakiaminiki. Nimekosea wapi?

#18 Karani_wa_Rejista

Hujakosea. Vifo chini ya 10 vinafichwa ili mtu asitambulike, chini ya 20 kiwango hakitolewi kwa kuaminika. Rudi #4, kipengele cha tano. Ondoa mwaka kwenye mpangilio, chukua 2011 hadi 2020 kwa mkupuo, na badala ya kaunti moja moja tumia yale makundi 6. Ukishapata, bandika hapa jedwali pamoja na mipaka yake, si kiwango kitupu.